Jedwali la Stahiki za Mwanga

Jumatatu asubuhi, saa mbili na dakika kumi, hospitali kuu ilitangaza rasmi kwamba enzi ya vidonda sugu imefikia tamati. Tangazo lilibandikwa getini, likabandikwa kwenye lifti isiyofanya kazi, likabandikwa hata kwenye mlango wa chumba cha maiti, maana waraka ulisema "kila mlango" na wabandikaji si watu wa kubagua. Lilieleza kwamba Uongozi, kwa maono yake mapana, umepokea mashine ya kutibu kwa mwanga wa leza wa nguvu ndogo. Kwamba mwanga huo huamsha nyama iliyochoka, hufungulia damu njia na kuisaidia ngozi iliyohamishwa ishike. Na kwamba kuanzia siku hiyo kidonda chochote kitakachochelewa kupona ndani ya eneo la hospitali kitatakiwa kutoa maelezo.

Aliyetia saini alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Wafanyakazi walimwita Bwana Waraka, kwa sauti ya chini bila shaka, kwa sababu hakuweza kupiga chafya bila kutoa waraka wa kuifafanua. Alikuwa na waraka wa namna ya kukunja mapazia, na mwingine wa kiwango cha tabasamu mbele ya wageni. Wa kuleta maji wodini alikuwa bado anauandaa.

Sista Pamba alilisoma tangazo akiwa amesimama ukumbini na treya ya bandeji mikononi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya vidonda, mama wa makamo, mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama na ulimi usiovimba kwa lolote. Mashine hiyo alikuwa ameiomba kwa miaka tisa. Aliposoma neno "umepokea" alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka cheo chake, akavimeza. Kisha akaenda mbio kitanda cha nane.

Kitanda cha nane alilala fundi cherehani. Alikuwa mwanamke mpole, aliyekuwa akisema "samahani" hata akikanyagwa. Siku tatu kabla, mkanda wa mashine ya kiwanda cha mashuka ulinasa mkono wake wa kushoto na kuichuna ngozi yote ya juu ya kiganja, kano zikabaki nje. Daktari wa upasuaji alikata ngozi ya hapo juu, karibu na kifundo cha mkono, pande tatu, akauacha upande wa nne umeshikana ili damu iendelee kupita, kisha akaigeuza na kuishonea juu ya zile kano. Madaktari wana jina lake refu. Fundi, aliyetia watu viraka maisha yake yote, aliiita kiraka, na wodi nzima ikamfuata.

Sasa ncha ya kiraka ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Damu haifiki vizuri mwishoni," daktari alikuwa amesema asubuhi ile, bila kuzungukazunguka. "Nampa wiki moja. Ncha ikifa, kano zitakauka, na hivi vidole viwili nitalazimika kuviondoa."

Vidole alivyovionyesha ni cha shahada na cha kati. Ndivyo vinavyoongoza kitambaa chini ya sindano. Fundi alivitazama, akasema, "Sawa, daktari. Samahani kwa usumbufu." Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa amepiga kambi kando ya kitanda na thermosi mbili za chai, ndiye aliyelia kwa niaba yake.

"Mashine imekuja," Sista Pamba aliwaambia akihema. "Si muujiza, msije mkanishikia bango. Kidonda lazima kisafishwe na mgonjwa lazima ale. Ila mwanga unasukuma kidogo, na sisi hicho kidogo ndicho tunachokitafuta."

"Basi iwashwe!" wifi akasema.

"Kwanza kuna kikao," akasema Sista Pamba.

Kikao kilikuwa cha Kamati ya Uratibu wa Mwanga, wajumbe kumi na mmoja, ambao kati yao mmoja aliwahi kuona kidonda, chake mwenyewe, alipokuwa mdogo. Sista Pamba aliitwa kama mjumbe mwalikwa asiye na kura wala kiti. Mkurugenzi alikaa mbele, kitabu cha maelekezo ya mashine mkononi, na kulia kwake alikaa Makamu wake, bwana mwembamba aliyekuwa akicheka nusu sekunde baada ya bosi wake, si mapema zaidi wala si baadaye.

"Hapa wameandika sekunde arobaini," Mkurugenzi alianza. "Arobaini za nani?"

"Za kila mtu, mheshimiwa," akajibu Sista Pamba. "Sekunde arobaini kwa kila sehemu ya kidonda."

"Kila mtu." Mkurugenzi alilirudia neno hilo kama aliyekuta unywele kwenye supu. "Yaani mimi nikiwa na kidonda, arobaini. Mfagiaji akiwa na kidonda, arobaini. Sista, hapo wewe unaona utawala?"

"Naona kidonda, mheshimiwa."

Makamu alikaribia kucheka, akaona bosi wake hajacheka, akakohoa.

"Tena kitabu kinaonya," Sista Pamba akaendelea. "Ukizidisha, nyama haiamki, inazidi kuchoka. Kidonda kinarudi nyuma. Mwanga mwingi si dawa nyingi."

"Hizo ni hoja za kitaalamu," Mkurugenzi akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Ziandike, nakala tatu, zipitie masijala. Hapa tunajadili stahiki."

Wakajadili stahiki kwa saa nne na maandazi. Hatimaye likazaliwa Jedwali la Stahiki za Mwanga. Mkurugenzi: dakika thelathini, asubuhi na jioni. Makamu: dakika ishirini na tano. Wakuu wa idara: ishirini. Maafisa: kumi. Makarani: tano. Walinzi na wafagiaji: mbili. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mwananchi wa kawaida: "mwanga wa kuonyesha nia njema, usiozidi sekunde arobaini."

Makamu akaomba kuongeza Kifungu cha Tisa, ili kulinda heshima ya viongozi: mtumishi yeyote hatapunguziwa mwanga wake isipokuwa kwa barua ya kumshusha cheo. Mkurugenzi alikisifu sana kifungu hicho. Alisema kinaonyesha upeo. Kabla ya jua kutua Jedwali lilikuwa limeshatumwa wizarani, likagongwa mhuri, likawa mwongozo wa nchi nzima.

Sista Pamba alitoka kikaoni na hasira. Alifika katikati ya korido, akasimama ghafla, akapiga hesabu kichwani. Kisha akaegemea ukuta akacheka mpaka mpishi wa jikoni akamuuliza kama anaumwa. Jamani! Miaka yote ya utumishi wake wananchi walikuwa wakidharauliwa ovyoovyo, bila mpango. Leo kwa mara ya kwanza dharau ilikuwa imepimwa kwa kipimo sahihi.

Ili Jedwali lisichezewe, Kamati iliteua Mratibu wa Sekunde. Alitolewa bohari, alikokuwa akihesabu ndoo, akapewa saa ya michezo, filimbi na daftari kubwa, akaapishwa na Mkurugenzi mwenyewe mbele ya mashine. Alikuwa mtu mwaminifu wa kutisha. Sekunde ya arobaini ikigonga, filimbi inalia, hata kama mgonjwa yuko katikati ya kumwomba Mungu.

"Basi? Hiyo tu?" wifi alifoka siku ya kwanza, taa nyekundu ilipozimwa juu ya mkono wa fundi. "Hata kikohozi changu kinachukua muda zaidi! Kwa kuwa sisi ni watu wa chini, eti? Tungekuwa na koti na tai tungemulikwa mpaka jioni!"

"Nyamaza, dada," Sista Pamba akamnong'oneza. "Leo tumependelewa. Usiwashtue."

Siku ya pili buluu ilikuwa imesimama palepale. Siku ya tatu ilirudi nyuma kama upana wa ukucha. Siku ya nne asubuhi Sista Pamba alibonyeza ncha ya kiraka kwa kidole, akaona pamekuwa peupe, kisha wekundu ukarudi wenyewe, taratibu. Damu ilikuwa inapita. Aligeukia dirishani akijifanya anarekebisha pazia kinyume cha waraka, maana machozi yalikuwa yamemtoka na hakutaka Mratibu ayaandike daftarini.

Habari zikapanda ghorofa hadi ghorofa. Zikamfikia Mkurugenzi, ambaye naye siku hizo hakuwa mzima sana. Alikuwa na uvimbe kisogoni aliokuwa ameuficha chini ya kofia kwa miaka, na wiki hiyohiyo daktari alikuwa ameukata na kuigeuza ngozi ya kichwa kufunika mahali pake. Kwa hiyo naye alikuwa na kiraka. Na kiraka chake kilikuwa kikipata stahiki yake kamili, dakika thelathini asubuhi, thelathini jioni, huku Mratibu akiwa amesimama wima kama anayesikiliza wimbo wa taifa.

Alishuka wodini na msafara wake, akautazama mkono wa fundi, akapendezwa sana.

"Huyu ndiye uso wa mafanikio yetu," alitangaza. "Namteua hapa hapa kuwa Balozi wa Mwanga, mwenye hadhi ya mkuu wa idara."

Msafara ukapiga makofi. Wifi akapiga kwa nguvu kuliko wote. Sista Pamba peke yake hakupiga.

"Mheshimiwa," alisema haraka, "mkuu wa idara ni dakika ishirini."

"Ndiyo. Kuanzia leo."

"Kwa mkono huu?"

"Sista, unamwonea wivu?"

Mratibu alifungua ukurasa mpya. Fundi akawekwa chini ya mwanga dakika ishirini kila sehemu, akiombwa asogee kidogo kwa ajili ya mpiga picha. Kesho yake ncha ya kiraka ilikuwa imefifia, na ile buluu ilikuwa inachungulia tena pembeni. Daktari aliitazama, akamtazama Sista Pamba, akatoka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu. Hakuhitaji kumwambia kwamba kesho kutwa, wiki ikitimia, ataleta kisu.

Mchana ule Sista Pamba alivuta pazia kuzunguka kitanda cha nane, akawaeleza yote, bila kupamba.

"Nikatae huo ubalozi," akasema fundi.

"Nimeshauliza utawala. Heshima aliyoitoa Mkurugenzi haikataliwi. Huondolewa tu, kwa kosa la utovu wa nidhamu mbele ya kiongozi."

Wifi akakunja mikono ya gauni. "Nipeni mimi. Nitamtukana mpaka asahau njia ya kwao."

"Lazima awe Balozi mwenyewe."

Wakamtazama fundi. Fundi akawatazama wao. Wifi akaanza kumfundisha palepale.

"Sema, 'We mzee, huna haya!'"

"We mzee," fundi akajaribu, "shikamoo."

"Loo! Mbona unamsalimia?"

"Imetoka yenyewe."

Walijaribu mpaka thermosi ya kwanza ikaisha. Alipofikia "mjinga" alisema kwa sauti ndogo, kisha akaomba radhi kwa mto. Wifi akashika kichwa. Akasema kaka yake aliyeoa malaika angetafuta angalau mmoja mwenye meno. Fundi akaanza kulia, kimyakimya kama kawaida yake, akasema, "Wifi, mimi navitaka vidole vyangu. Navitaka kweli. Sijui tu kutukana."

Mkurugenzi aliingia saa tisa kwa mwanga wake wa jioni, uliokuwa unafanyika mapema kwa kuwa jioni alikuwa na kikao. Chumba cha mashine kilitenganishwa na wodi kwa pazia tu. Alisimama kati ya vitanda akiwa katika suti mpya ya kijivu yenye mistari, akauliza kwa ukarimu, "Balozi wetu anaonaje?"

Fundi aliinuka, akakaa kitandani. Alivitazama vidole vyake. Sista Pamba akafumba macho.

"Mheshimiwa," fundi akasema, "samahani. Suti yako imeshonwa vibaya."

Akaendelea kabla hajakatizwa.

"Bega la kushoto liko juu kuliko la kulia. Si mwili wako, mwili wako hauna tatizo, ni mkato. Mgongoni pia kitambaa kimevutwa, ndiyo maana kinafanya mkunjo kila ukigeuka. Na mistari ya mfukoni haikutani na mistari ya koti." Alikuwa ameshasahau woga, hiyo ilikuwa kazi yake. "Aliyekushonea ama alikuwa na haraka, ama hakupendi. Mimi nisingemtoa mtu mikononi mwangu hivyo, hata awe nani."

Ole wake aliyewahi kuambiwa jambo kama hilo mbele ya watu. Macho arobaini yalipanda kwenye bega la kushoto la Mkurugenzi, yakashuka kwenye la kulia, yakapanda tena. Sasa kila mtu alikuwa anaona. Mlinzi wa mlangoni aliinamisha kichwa upande mmoja ili ayaone mabega yamelingana. Mkurugenzi aligeuka kumtafuta Makamu, na ule mkunjo mgongoni ukatokea kama ulivyoelezwa, na hapo mzee mmoja wa kitanda cha tatu, aliyekuwa hajacheka tangu alazwe, akaangua kicheko.

Barua ya kumvua fundi ubalozi ilifika baada ya dakika hamsini. Ilisema ametumia ujuzi kumdhalilisha kiongozi, na kwamba kuanzia sasa atatendewa kama mwananchi wa kawaida bila nafuu yoyote. Sista Pamba aliibusu bahasha. Mratibu akaweka saa kwenye sekunde arobaini, filimbi ikalia, na wifi, kwa mara ya kwanza, akasema, "Asante, baba. Zinatosha kabisa."

Daktari alikuja siku ya wiki kutimia, akabonyeza ncha ya kiraka, akangoja, akabonyeza tena. Kisha akakirudisha kisu kwenye boksi bila kukitumia. Siku tisa baadaye nyuzi zilitolewa. Fundi aliambiwa akunje vidole, akakunja. Kile cha shahada kilikuwa kigumu kidogo, cha kati kikatii. Akaomba sindano na uzi. Alitunga uzi mara ya tatu, akauinua wodi nzima ione, na wifi yake akapiga vigelegele ambavyo hakuna waraka uliovikataza kwa kuwa hakuna aliyewahi kuviwaza. Sista Pamba alilia waziwazi safari hii. Lakini hayo tumeyatanguliza. Turudi kwa mheshimiwa.

Maana kile kiraka cha kisogoni, jamani, kilikuwa kinakwenda vibaya. Kilianza na buluu, kikaingia zambarau, na ukingoni kikaanza weusi. Kila kilipobadilika Mkurugenzi alilalamika kwamba mwanga hautoshi, na Kamati, kwa kumheshimu, ikamwongezea kikao cha mchana. Dereva wa lori aliyechubuka paja alipona na kwenda zake. Mchimba visima aliyeungua mgongo alipona na kwenda zake. Mkuu wa idara ya ununuzi, aliyekuwa na kijipu tu, bado alikuwa anakalia tako moja.

Ijumaa ya juma la pili daktari alimwambia Mkurugenzi ukweli. "Mheshimiwa, nusu ya ngozi hii inakufa. Ikifa yote, mfupa wa kichwa utakuwa wazi, nami nitakata nyingine pajani. Sikuhakikishii kwamba itashika."

Mkurugenzi alipapasa kisogo. Kisha akamwita Sista Pamba pembeni ya mashine. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Yule fundi. Ulimpa nini?"

"Sekunde arobaini, mheshimiwa."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Kiliandikwa kwenye kitabu. Nikakuandikia na mimi, nakala tatu."

"Sikuziona."

"Masijala wanasema zinasubiri waraka wa namna ya kupokea nakala tatu."

Akainamisha kichwa. "Haya. Nipe na mimi arobaini."

Filimbi ililia kabla mkono wa Sista Pamba haujagusa swichi. "Haiwezekani, mheshimiwa," akasema Mratibu wa Sekunde, akiwa amesimama wima na macho yamemtoka kwa woga wake mwenyewe. "Kifungu cha Tisa. Uliniapisha."

"Nabatilisha Jedwali!"

"Limeshakuwa la wizara, mheshimiwa. Kulibatilisha ni miezi minane, na lazima ianzie kwenye kikao cha Kamati chenye wajumbe wote. Wajumbe saba wako likizo ya ugonjwa. Vidonda vyao haviponi."

Ikabaki njia moja. Mkurugenzi alimwendea Makamu wake ofisini, akafunga mlango, akamwomba barua. Ya kushushwa cheo hadi mwananchi wa kawaida, ya muda tu, wiki mbili tatu, mpaka ngozi ishike. Makamu alisikitika sana. Alisikitika akiwa tayari anavuta mtoto wa meza. Barua ilitoka baada ya dakika moja, imechapwa safi, ikiwa imebakiza kujazwa tarehe, na karatasi yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi kwa kukaa.

"Hapa haijaandikwa 'ya muda'," Mkurugenzi aliona.

"Fomu haina nafasi hiyo, kaka," akajibu Makamu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimwita mheshimiwa.

Jumatatu iliyofuata Bwana Waraka aliketi kwenye benchi la korido pamoja na wananchi, kikaratasi cha namba mkononi. Alijaribu kupita mbele mara moja tu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimshika koti akamrudisha. Zamu yake ilipofika Sista Pamba alifungua fomu.

"Kazi?"

Alifikiri mpaka foleni ikaanza kunung'unika. "Andika mwananchi."

"Hiyo si kazi, baba, lakini inatosha. Inama."

Akamwosha kidonda kwa mkono uleule alioutumia kwa fundi, wala hakukisugua kwa nguvu ingawa wazo lilimjia, na si mara moja. Sekunde arobaini. Filimbi. Baada ya wiki tatu weusi ulikuwa umebanduka, chini yake nyama nyekundu imejaa, na ngozi iliyosalia imeshika vizuri. Daktari akaridhika. Mgonjwa aliomba arudishiwe ofisi yake.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti sasa alikuwa Makamu, na kulia kwake alikaa bwana mwingine ambaye alikuwa ameshajifunza kucheka kwa wakati. Wakamwita Sista Pamba, wakamuuliza swali moja: je, ni kweli kitaalamu kwamba mwanga wa kiwango cha Mkurugenzi unaweza kumdhuru ndugu huyu?

"Ni kweli," akasema. "Tena unamdhuru mtu yeyote. Ndiyo maana hilo Jedwali..."

"Asante, Sista. Ndugu huyu tu ndiye aliye kwenye ajenda."

Yalikuwa maoni yake ya kwanza ya kitaalamu kukubaliwa na hospitali ile, na walimwandikia barua ya shukrani.

Barua nyingine ilipelekwa kwenye benchi la korido, ambako Bwana Waraka alikuwa anangoja mwanga wake wa mwisho. Alivaa miwani akaisoma. Ilisema kwamba Kamati imepokea ushahidi wa kitaalamu kuwa vyeo vinahatarisha ngozi yake. Kwamba afya yake ni tunu ya taasisi. Na kwamba kwa sababu hiyo, na kwa upendo mkubwa, wajumbe wameazimia kwa kauli moja asipandishwe cheo tena, kwa ngazi yoyote, maisha yake yote. Walimtakia uponyaji mwema. Aliisoma tena toka juu. Akatafuta kosa la kiutaratibu, yeye aliyewafundisha wote pale namna ya kuandika barua, na hakulipata.

"Namba thelathini na moja!" Mratibu wa Sekunde akaita mlangoni, filimbi mdomoni. "Thelathini na moja hayupo? Anaingia thelathini na mbili!"

"Nipo!" Bwana Waraka akapiga kelele, akaikunja barua, akakimbia.